Spea za Gari ya Kimarekani ya Zamani Hapa Unguja: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua, Kuzipata na Kuzifunga

Malalamiko ninayoletewa na wenye gari za Kimarekani za zamani yanafanana mno. Spea imeagizwa, imelipiwa, imekaa njiani miezi miwili, imefika, na haiingii. Gasketi ina tundu moja zaidi. Silinda ya breki imepita upana wa bamba lake. Bolti inaingia mizunguko mitatu halafu inakwama.

Mara nyingi muuzaji hana kosa. Alipelekewa jina la gari na mwaka, naye akatuma kinacholingana na jina na mwaka. Lakini gari iliyopita miaka sitini haifuati tena kadi yake. Injini imebadilishwa, ekseli imetoka kwa gari nyengine, na mafundi wanne wa zama nne wameshaacha mkono wao humo ndani. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni moja: agiza kwa namba na kipimo, usiagize kwa jina.

Mifano yangu yote ni ya Chevrolet za 1955, 1956 na 1957 zenye injini ya silinda sita, kwa sababu ndiyo gari niliyonayo uani. Mwenye Ford, Dodge au Pontiac afuate njia hii hii. Namba zake zitakuwa nyengine, utaratibu ni ule ule.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa gari

- Spana na soketi za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4. Hizi tano zitafungua sehemu kubwa ya gari.
- Kalipa ya kupimia, inayosoma inchi na milimita.
- Geji ya nyuzi za bolti, ya inchi na ya milimita. Ni kitu kidogo, na ndiyo itakayookoa injini yako.
- Fila geji (vibati vya kupimia nafasi nyembamba) na mita ya umeme.
- Jeki na stendi mbili za chuma. Usilale chini ya gari iliyowekwa juu ya matofali au mawe ya matumbawe. Hupasuka ghafla bila ya kutoa dalili.
- Brashi ya waya, mafuta ya taa na mafuta ya kulegeza kutu.
- Makopo matupu ya maziwa ya unga, kalamu ya wino usiofutika, daftari na simu ya kupigia picha.
- Kitabu cha ufundi cha kiwanda cha mwaka wa gari yako. Mwenye Chevrolet ya 1956 au 1957 anahitaji kitabu cha 1955 pamoja na nyongeza ya mwaka wake. Hifadhi ya kumbukumbu ya General Motors nayo ina mafaili ya taarifa za kila modeli, unayapakua bure kwenye mtandao.

Nimeanza na spana za inchi kwa sababu maafa mengi yanaanzia hapo. Spana ya 14 haiingii kwenye nati ya 9/16, kwani nati hiyo ni milimita 14.3. Fundi atachukua ya 15, itacheza, na nati itaviringika pembe. Bolti ni hatari zaidi. Bolti ya 5/16 ina unene wa milimita 7.94, kwa hiyo bolti ya kawaida ya milimita 8 inaonekana ndiyo yenyewe. Inaanza kuingia vizuri, halafu inakuwa nzito, na fundi mwenye haraka anaongeza nguvu. Nyuzi za inchi na za milimita hazina mwendo mmoja, basi anachofanya pale ni kuchana tundu la injini. Bolti ikikataa kuzunguka kwa vidole mizunguko mitano ya mwanzo, itoe uipime.

## Hatua ya 1: Isome gari, usisome kadi

Fungua mlango wa mbele wa kushoto. Kwenye nguzo ya bawaba kuna bati dogo lenye herufi na namba. Katika miaka hii mitatu herufi A ni Chevrolet 150, B ni 210 na C ni Bel Air. Ikitanguliwa na V, gari ilitoka kiwandani na injini ya V8. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, na herufi baada yake ni kiwanda: T ni Tarrytown, F ni Flint, L ni Los Angeles. Kwa hiyo C57F ni Bel Air ya silinda sita ya 1957 iliyotoka Flint.

Gari yenye usukani wa kulia huenda haifuati mpango huo. Chevrolet nyingi za usukani wa kulia zilitengenezwa Kanada, katika mji wa Oshawa, na kupelekwa vipande vipande kuunganishwa nchi nyengine kama Afrika Kusini na Australia. Nakili bati lake kama lilivyo, kisha endelea.

Sasa injini, na hapa usifanye haraka. Watu wanatazama silinda sita, wanasema "ni 235", yaani ya inchi za ujazo 235, wanaagiza. Lakini kuna injini ya zamani zaidi ya inchi za ujazo 216 inayofanana nayo kwa mbali, na kuna 235 za mwanzo zilizojengwa kwa mtindo huo wa kale. Tazama kifuniko cha valvu juu ya injini. Kikiwa kimeshikwa na nati mbili juu yake katikati, una injini ya mtindo wa zamani. Kikiwa na skrubu nne pembezoni, mbili kila upande, ni 235 ya kuanzia 1954 au karibu na hapo. Hakikisha kwa kutazama bati la ubavuni mwa injini. Kwenye injini ya zamani bati hilo hupanda hadi kuzunguka plagi. Kwenye ile mpya ni fupi, na plagi ziko wazi juu yake.

Tofauti hiyo ni kubwa. Injini ya zamani hulainisha mikono ya pistoni kwa vijiko vinavyochota oili chini na kuirusha. Ile mpya husukuma oili kwa pampu hadi kwenye beringi za mikono. Gasketi, beringi na mikono yenyewe haviingiliani. Mimi mwenyewe nilinunua seti nzima ya gasketi kwa kufuata mwaka ulioandikwa kwenye kadi, na seti hiyo bado iko juu ya kabati, haina kazi.

Namba ya injini imegongwa kwenye sehemu iliyosawazishwa upande wa kulia wa bloku, nyuma ya distributa. Isugue kwa brashi, ipake chaki, ipige picha.

Mwisho pima betri. Chevrolet za 1955 na kuendelea ni volti 12. Za 1954 kurudi nyuma zilikuwa volti 6. Ukikuta gari ya 1953 ina betri ya volti 12, ujue kuna mtu ameshabadilisha, na kila spea ya umeme utaitafuta kwa hesabu hiyo mpya.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wa daftari wenye namba ya bati, namba ya injini, aina ya kifuniko cha valvu, volti na upande wa usukani, yote umeyaona kwa macho yako.

## Hatua ya 2: Vua, safisha, pima

Usiagize spea ambayo ile mbovu yake hujaishika mkononi. Najua ni usumbufu kufungua gurudumu kwa kitu ambacho kitakuja baada ya miezi miwili, lakini hakuna njia fupi.

Tuchukue silinda ndogo ya breki ya gurudumu, kwani ndiyo inayosumbua watu zaidi. Ioshe hadi chuma kionekane, kisha andika mambo haya: kipenyo cha tundu la ndani, urefu wa mwili, umbali kati ya tundu za bolti kutoka kati hadi kati, na ukubwa wa nyuzi pale bomba linapoingia. Watu hupima nje. Kipimo cha nje hakina maana, kwa sababu kinachotembea ni kikombe cha mpira ndani ya tundu.

Pima kwa milimita kisha rudi kwenye inchi. Inchi moja ni 25.4. Inchi moja na moja ya nane ni 28.6. Kalipa ikisoma 28.6, jibu unalo. Ikisoma 28.0 kavu, yawezekana silinda hiyo si ya gari hii kabisa. Kagua na ya upande wa pili, maana si ajabu ya kushoto na ya kulia zikawa za kabila mbalimbali, na gari inayovuta upande mmoja unapofunga breki mara nyingi huanzia hapo.

Piga picha tatu: ya juu, ya ubavu, na ya namba yoyote iliyomo kwenye chuma. Weka rula ndani ya kila picha. Kisha tia kitu kizee ndani ya kopo, andika kimetoka wapi, na usikitupe hata spea mpya ikishafika. Mimi nangoja miezi mitatu ya kuendesha.

Umefaulu ikiwa mtu ambaye hajaiona gari yako anaweza kuichora spea hiyo kwa kusoma daftari lako.

## Hatua ya 3: Tafuta hapa kabla ya kuvuka bahari

Vitu vingi ambavyo watu wanaviagiza Marekani vimo madukani kwetu, ila havina jina la Chevrolet. Beringi ina namba yake iliyochorwa kwenye ukingo, na namba hiyo mara nyingi ni moja duniani kote. Sili ya oili inauzwa kwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Fanbelti ni upana na urefu. Ingia maduka ya Darajani au Mwanakwerekwe na kitu chako mkononi. Usiseme "nataka ya Chevrolet," maana utajibiwa hakuna. Sema, "Kaka, nisomee namba hii." Ukikosa, vuka na boti uende Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam.

Beringi za magurudumu ya mbele zina jambo lake. Chevrolet za 1955 hadi 1957 zilitoka na beringi za gololi. Siku hizi wengi hubadilisha kwa beringi za rola zilizochongoka, kwani ni imara zaidi. Kama aliyekutangulia alishabadilisha, kitabu cha kiwanda kitakupotosha. Fungua uone.

Vipo na vitu ambavyo mafundi wetu wanavitengeneza vizuri kuliko vile vya kununua. Fundi wa kerezo atakuchongea bushi ya shaba kwa siku moja. Fundi wa rejeta atabadilisha mirija. Lining ya breki inabandikwa upya kwenye kiatu cha zamani. Springi za nyuma za majani zinaongezwa jani au kukunjwa upya. Gasketi ya kifuniko cha valvu au ya bakuli la oili unaikata mwenyewe kwa karatasi ya koki.

Onyo: gasketi ya kichwa cha injini usikate wala usikatiwe. Vikombe vya mpira vya breki usichague kwa macho. Viwili hivyo vinunuliwe kwa namba tu.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kuagiza: vioo, vipande vya urembo, sehemu za ndani za kabureta, mipira ya milango, gia za usukani. Orodha itakuwa fupi kuliko ulivyodhani.

## Hatua ya 4: Kuagiza

Gari hizi zina bahati. Watu wanazipenda sana Marekani hadi leo, kwa hiyo viwanda vinaendelea kutengeneza spea zake mpya, na maduka ya mtandaoni kama RockAuto yanaonesha namba ya kiwanda pamoja na picha. Mwenye gari isiyo maarufu atumie vitabu vya Hollander, ambavyo vinaeleza spea ipi ya gari hii inaingia kwenye gari ile.

Ujumbe wako kwa muuzaji uwe na namba ya spea, vipimo vyako, picha zenye rula na upande wa usukani. Kisha uliza mambo manne: uzito na ukubwa wa boksi, kama kitu ni kipya au cha akiba ya zamani, kama nyuzi ni za inchi, na kama atakupigia picha kitu chenyewe kikiwa kando ya rula. Asiyekubali kupiga picha, mwache.

Neno juu ya akiba ya zamani. Chuma kilichokaa kwenye boksi tangu 1957 ni hazina. Mpira uliokaa tangu 1957 umekufa, hata ukiwa laini mkononi. Silinda ya breki, hozi, diaframu ya pampu ya petroli: nunua vilivyotengenezwa karibuni tu.

Mwenye usukani wa kulia asitafute sehemu za usukani na dashibodi Marekani. Aanzie Australia, New Zealand na Afrika Kusini, ambako gari hizi zilitembea kwa usukani wa kulia kama huku.

Na kuna njia ambayo Wazanzibari tunayo na wengine hawana: ndugu zetu wa Maskati na Dubai. Gari za Kimarekani zimejaa Ghuba, na mjomba anayekuja likizo anaweza kubeba kitu kizito kwenye begi. Mhurumie lakini. Usimpe kabureta au pampu iliyowahi kutiwa petroli. Mabaki ya petroli ni mzigo wa hatari, hayaruhusiwi kwenye ndege, na ni yeye atakayesimamishwa uwanjani.

Unganisha maagizo. Boksi moja la kilo kumi ni nafuu kuliko maboksi matano ya kilo mbili.

## Hatua ya 5: Forodhani

Ushuru wa forodha kwa mizigo inayoingia Zanzibar hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na unahesabiwa juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja. Kwa hiyo nauli ya ndege inaongeza na ushuru. Kwa chuma kizito kisicho na haraka, piga hesabu ya meli kwanza.

Mwambie muuzaji aweke ankara ya kweli ndani na nje ya boksi, yenye jina la kila kitu na bei yake. Ankara iliyoandikwa "spea za gari" tu inachelewesha mzigo. Ankara yenye bei ya uongo inaweza kukupotezea mzigo wote.

## Hatua ya 6: Kufunga breki bila ya kurudia

Gari hizi zina master silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali ya breki) ya njia moja. Hozi moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Ndiyo maana kazi hii haifanywi nusu: ukibadilisha silinda ya gurudumu moja, badilisha na ya upande wa pili, na hozi zote tatu.

Fungua upande mmoja kwa wakati, ule mwengine ubaki kuwa mfano wako. Vumbi la lining za zamani usilipulize. Zilitengenezwa kwa asbesto, na asbesto huua mapafu polepole. Lirowanishe kwa maji na ulifute kwa kitambaa cha kutupa.

Viatu viwili vya gurudumu moja si sawa. Chenye lining fupi kinakaa upande wa mbele wa gari, chenye ndefu nyuma. Nimeshafungua gari zaidi ya moja ambazo mwenyewe aliambiwa "breki za Kimarekani ndivyo zilivyo, dhaifu," kumbe viatu vimegeuzwa.

Tumia maji ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kutoka chupa isiyofunguliwa. Oili ya injini au ya usukani isiingie humo hata tone, kwani huvimbisha mipira yote kuanzia master silinda. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda. Kwa usukani wa kushoto ni la nyuma kulia. Kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Halafu la nyuma la pili, kisha la mbele lililo mbali, na mwisho la karibu.

Rekebisha viatu kwa gurudumu la meno lililo nyuma ya bamba hadi gurudumu la gari likwaruze, kisha lirudishe kidogo lizunguke huru.

Umefaulu ikiwa pedali inasimama juu na ngumu, ukiikanyaga dakika nzima haishuki, na gari inasimama moja kwa moja bila ya kuvuta. Jaribu kwanza uani, kisha barabara tupu alfajiri, mwendo wa kilomita ishirini kwa saa. Pedali ikiwa kama sponji, hewa bado imo. Ikishuka taratibu, kuna kinachovuja, hata kama huoni tone.

Jambo moja la kufunga lisilo la breki, kwa wenye dinamo: ukiifungua na kuirudisha, au ukibadilisha regyuleta yake ya Delco-Remy, gusisha kwa nukta (sekunde) moja waya kati ya vichwa vya BAT na GEN vya regyuleta kabla ya kuwasha gari. Utaona cheche ndogo. Usipofanya hivyo dinamo inaweza kuchaji kinyume na kuunguza pointi za regyuleta mpya uliyoisubiri miezi miwili.

## Hatua ya 7: Kuilinda na chumvi

Spea bora haiishi kwenye gari inayoliwa na kutu. Mwenye jahazi hangoji ubao uoze. Kila chombo kinapopandishwa pwani hupaka sifa (mafuta ya papa) na shahamu. Gari yetu inataka moyo huo huo.

Osha chini ya gari kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila wiki, na siku hiyo hiyo ukitoka njia za pwani wakati wa kusi. Lakini jua unaosha kwa maji gani. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi, na watu wanaoshea gari humo mwaka mzima wakidhani wanaitunza. Yaonje, au tia sabuni: yasiyotoa povu usiyamwage kwenye gari.

Usiifunike kwa turubai la plastiki. Jasho linabaki ndani na bati linaoza usiku kucha. Banda la makuti lililo wazi pande zote ni bora zaidi. Ng'oa mazulia na ukaushe sakafu kabla ya masika na tena kabla ya vuli.

Maji ya breki badilisha kila mwaka, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa na hewa yetu ina unyevu mwingi. Kwa injini tumia oili ya 15W-40 ya dizeli. Ina madini yanayolinda kemshafti za zamani, na inapatikana kila kituo.

Kisha tafuta matundu ya kutolea maji chini ya kila mlango na chini ya vizingiti vyake. Yazibue kwa waya, mwaga maji safi kwenye mfereji wa dirisha, na utazame yanavyotoka. Yakitoka na rangi ya chai ya rangi, kutu imeshaanza: fungua bati la ndani la mlango wiki hii hii, usugue, upake rangi ya kuzuia kutu. Yakitoka meupe kama ulivyoyamwaga, rudisha mazulia ndani.